Mpira umempiga jichoni: usianze na uvimbe

Mpira wa miguu saizi ya 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi na uzito wa gramu 410 hadi 450. Tundu la mfupa linalobeba jicho lina upana wa kama sentimita 4. Kwa hesabu hiyo wengi huamini mpira hauwezi kulifikia jicho lenyewe, eti kipigo chote kinaishia kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu. Hesabu hiyo inasahau kwamba mpira hubonyea. Ukigonga uso kwa kasi, sehemu yake hujipenyeza tunduni kama unga wa chapati unavyojipenyeza kati ya vidole vya mkandaji. Unapodunda kutoka, unaacha mvuto nyuma yake kama ile pampu ya kuzibulia sinki. Jicho linasukumwa, kisha linavutwa.

Mipira midogo haina hata haja ya kubonyea. Wa skwoshi una kipenyo cha milimita 40 na gramu 24 tu, na unaingia tunduni kana kwamba ulichongewa humo. Wa gofu ni hivyo hivyo. Wa kriketi na wa magongo una gramu 160 hivi, na huweza kuvunja mfupa na jicho kwa pamoja. Ongeza kiwiko cha beki kwenye kona, kidole kwenye mpira wa kikapu, ngumi ulingoni, na mpira wa rede uliokazwa kwa soksi na kamba.

Ndani ya jicho hali ni hii: urefu wake mbele hadi nyuma ni milimita 24 hivi, na limejaa maji na ute ambavyo havibanwi vikapungua. Likibonyezwa kwa mbele lazima litanuke kiunoni, na kila kilichojishikiza kwenye kiuno hicho huvutwa: mzizi wa airisi (ile sehemu ya rangi), nyuzi zinazoning'iniza lenzi, na ukingo wa pazia la jicho, yaani retina. Ndiyo sababu kinachoonekana nje hakilingani na kilichotokea ndani. Kope zilizovimba hadi jicho limefunga zinaweza kuficha jicho lisiloumia hata kidogo, na jicho jeupe lisilo na alama linaweza kuwa limeshapoteza mshipa wake wa fahamu, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Uvimbe unawatisha watu, lakini hausemi mengi. Yanayosema ni uwezo wa kuona, mboni (kile kitundu cheusi katikati ya airisi) na presha ya jicho lenyewe, kwa mpangilio huo, na baada tu ya swali moja kujibiwa.

Swali lenyewe: jicho limepasuka au halijapasuka?

Kabla yake kuna kichwa. Mchezaji aliyepoteza fahamu, anayetapika, aliyechanganyikiwa au anayelalamikia shingo anaangaliwa kama majeruhi wa kichwa kwanza, jicho linasubiri. Akiwa sawa hapo, usikimbilie kumkanda. Kukanda kwa kitambaa na maji ya moto ndiyo huduma ya kwanza ya viwanja vingi vya mchangani, na kwa jicho ni hatari: joto huongeza damu kutoka, na mkono unaokandamiza jicho lililopasuka unasukuma vilivyomo nje.

Ukuta mweupe wa jicho, sklera, hupasuka pale ulipo mwembamba: nyuma ya pale misuli inayozungusha jicho inapojishikiza, ambapo unene ni milimita 0.3 tu, na pia kwenye duara ambapo weupe unakutana na kioo cha jicho (konea, ile sehemu angavu ya mbele). Mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho au kupandikizwa kioo hupasukia kwenye kovu, hata miaka mingi baadaye, kwa hiyo uliza. Mpasuko wa nyuma ya misuli hauonekani kwa macho. Unaukisia kwa ishara zake: damu iliyozunguka weupe wote na kuuinua kama lengelenge, mboni iliyochongoka upande mmoja kama tone la maji, kitu cha kahawia au cheusi kilichochungulia kwenye weupe, nafasi iliyo mbele ya airisi kuwa na kina kikubwa au kidogo kuliko jicho la pili, na uwezo wa kuona ulioporomoka ghafla. Presha ya chini sana ni ishara pia, ila hutakiwi kuipima ili uijue. Presha ya kawaida nayo haikuhakikishii kwamba ukuta ni mzima, maana ute au damu vinaweza kuziba tundu.

Ukishuku tu, uchunguzi unaishia hapo. Hakuna matone, hakuna marhamu, hakuna kufumbua kope kwa nguvu, hakuna tonomita (kipima presha ya jicho), hakuna kichwa cha ultrasaundi juu ya kope. Funika kwa ngao ngumu inayokalia mfupa wa nyusi na wa shavu bila kugusa jicho. Kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa na kubandikwa plasta kinatosha. Usiweke pamba wala bandeji chini yake. Asile wala asinywe, maana anaelekea kwenye nusu kaputi. Mpe dawa ya kuzuia kutapika kabla hajaanza kutapika, antibayotiki ya mshipani, na angalia chanjo ya pepopunda. Kisha gari. Makosa tunayoyaona zaidi yanatokana na nia njema: mtu anataka rufaa yake iwe na taarifa kamili, anaendelea kupekua, na jicho lililokuwa na mpasuko wa milimita 4 linafika na airisi imetoka nje.

Kusoma herufi

Kama hakuna dalili ya mpasuko, pima uwezo wa kuona kabla ya kumulika taa yoyote kali. Kila jicho peke yake, na jingine lifunikwe kwa kiganja, si kwa vidole vinavyoacha mianya. Kliniki ina chati ya mita 6. Uwanjani tumia namba ya jezi, maandishi ya bango, au simu kwa umbali wa mkono. Asiyeweza kusoma ahesabu vidole, asiyehesabu aseme kama mkono unatikisika, asiyeona mkono aseme kama taa imewaka na inatoka upande gani. Andika ulichokipata pamoja na saa. Anayevaa miwani apimwe nayo, na kama imevunjika achungulie kwenye kitundu cha milimita 1 ulichotoboa kwenye kadi. Akisoma vizuri zaidi kupitia kitundu, tatizo liko kwenye ulengaji wa mwanga na huenda jicho lake lilikuwa hivyo tangu zamani.

Hatua hii hurukwa sana, kwa kisingizio kwamba kope zimevimba mno. Kope zilizovimba hufumbuliwa. Weka vidole juu ya mfupa wa nyusi na wa shavu, si juu ya jicho, na uvute ngozi taratibu juu na chini. Kama haifunguki, tumia vivuta kope, au klipu mbili za karatasi zilizokunjwa kuwa kulabu na kusafishwa kwa spiriti, mradi spiriti ikauke kabisa kwanza. Tone moja la dawa ya ganzi linasaidia. Zisipofunguka kwa wepisi huo, acha, hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji na kipimo cha CT.

Mboni, na taa inayohama

Hiki ni kipimo kisicho na gharama na kinachofanywa vibaya kuliko vyote. Punguza mwanga chumbani. Mgonjwa aangalie mbali, kwenye ukuta, si kwenye taa, kwa sababu kuangalia karibu peke yake kunasinyaza mboni. Mulika jicho zima, yaani lisiloumia, sekunde 2 au 3, hamisha haraka kwenye lililoumia, kaa muda huo huo, rudi. Rudia mara 3 au 4. Mboni ya jicho lililoumia ikitanuka taa inapolifikia, badala ya kusinyaa au kutulia, basi ujumbe wa mwanga hausafiri sawasawa. Ni mshipa wa fahamu, au retina iliyoharibika sehemu kubwa. Kwenye faili huandikwa RAPD. Mtoto wa jicho na damu kidogo ndani ya jicho havileti hali hiyo, kwa hiyo usivisingizie.

Tatizo linakuja pale mboni ya jicho lililopigwa ilipokufa ganzi: imebaki pana, haisogei, kwa sababu msuli wake mdogo umechanika. Wengi huandika “haiwezekani kupima” na kuendelea. Inawezekana. Angalia mboni ya jicho zima peke yake. Mboni mbili husinyaa kwa pamoja hata mwanga ukiingia jicho moja. Mulika jicho lililoumia: kama ile ya jicho zima inatanuka, jibu umelipata.

Fanya kipimo hiki kabla ya tone lolote la kutanua mboni. Na kama mgonjwa yuko chini ya uangalizi wa kichwa, usitanue mboni bila kukubaliana na timu ya kichwa, halafu uandike dawa, jicho na saa kwenye faili kwa herufi kubwa. Mboni pana isiyo na maelezo saa 8 usiku huwapeleka watu mbio kwenye CT wakidhani ubongo unavuja damu.

RAPD kwenye jicho linaloonekana zima kabisa, baada ya kipigo cha nyusi, ni mshipa wa fahamu ulioumia kwenye mfereji wake wa mfupa. Ukimulika nyuma ya jicho siku hiyo, kichwa cha mshipa kitakuwa na rangi ya kawaida. Weupe unaanza kuonekana baada ya wiki 3 hadi 6. Anayengoja kuuona atakuwa amemwita mgonjwa mwongo kwa mwezi mzima.

Jicho lililotokeza na kuwa gumu

Hapa hakuna muda wa kusoma makala. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho, tundu la mfupa halitanuki, na presha inanyonga mshipa. Jicho limetokeza, kope zimekaza kama ngozi ya ngoma, halizunguki, maumivu makali, kuona kunashuka kila dakika, RAPD ipo, presha ya jicho imepita milimita 40 za zebaki. Tiba ni kukata pembe ya nje ya kope na kano ya chini yake, kwa ganzi ya kawaida, hapo hapo kitandani. Retina inahesabiwa kuvumilia kiasi cha saa moja na nusu. Kumpeleka CT kwanza ili “kuthibitisha” ni kuthibitisha upofu. Daktari wa kawaida wa zamu anaweza kuifanya kazi hii. Kidonda cha kope hushonwa baadaye na hupona.

Damu mbele ya mboni

Mgonjwa akae wima dakika kadhaa, kwa sababu akilala damu husambaa na utaona ukungu tu. Kisha mulika kwa ubavu. Damu iliyotuama chini inapimwa kwa milimita kutoka ukingo wa chini, au kwa daraja: pungufu ya theluthi moja ya chemba (ile nafasi iliyo mbele ya airisi) ni la kwanza, theluthi hadi nusu la pili, zaidi ya nusu la tatu, chemba nzima la nne. Damu isiyotuama bado, chembe zinazoelea tu, huonekana kwa slitilampu (darubini ya kukagulia jicho) pekee, nayo inahesabiwa. Andika milimita ili wa kesho ajue imeongezeka au la.

Kinachoogopwa ni mambo mawili. La kwanza ni kuvuja tena, na hutokea siku ya 2 hadi ya 5, donge linaposinyaa na kuachia mshipa uliopasuka. Mara nyingi uvujaji huo huzidi ule wa kwanza. Ndiyo maana mchezaji anayejisikia nafuu siku ya 3 haendi mazoezini. Anatulia, analala kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, anavaa ngao ngumu, na maumivu yanatulizwa kwa parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hapana. Uliza alimeza nini kabla ya kufika kwako, maana diklofenaki iko kwenye kila begi la daktari wa timu. La pili ni presha. Kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Presha ya 50 ikikaa siku 5, au 35 ikikaa siku 7, ni wakati wa kuitoa damu kwa upasuaji.

Isipokuwa kwa mwenye selimundu (sickle cell). Kwetu swali hili ni la lazima, hasa kwa watu wa Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya na pwani, na linamhusu hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa na huenda hajui. Ndani ya chemba ya mbele oksijeni ni kidogo, chembe nyekundu hujikunja na kukakamaa, na chujio linalotoa maji ya jicho haziwezi kulipita. Damu ndogo inaleta presha kubwa, na mshipa wake wa fahamu huharibika kwa presha ambayo mwingine angeivumilia. Kwake yeye 25 kwa zaidi ya saa 24 inatosha kumwita mpasuaji. Asetazolamidi, ambayo ndiyo kidonge cha kwanza kukimbiliwa, huongeza asidi mwilini na kuzikunja chembe zaidi, kwa hiyo iepuke. Kipimo cha haraka cha selimundu ni cha bei ndogo kuliko vyote vitakavyofuata.

Mfupa

Mfupa wa sakafu ya tundu la jicho na ule wa upande wa pua ni myembamba kama karatasi, na huvunjika kuelekea kwenye uwazi wa uso. Muulize kama anaona vitu viwili, na viwili hivyo vinaachana zaidi akiangalia juu au chini. Mwambie afuate kidole pande zote bila kugeuza kichwa. Gusa shavu, ubavu wa pua na mdomo wa juu kwa pamba, kulia na kushoto: ganzi upande mmoja inaelekeza kwenye sakafu. Kope zinazolia kriki-kriki zikiguswa zina hewa chini yake. Huyo asipenge kamasi kwa wiki kadhaa. Akipenga, jicho linavimba kwa pumzi moja.

Mtoto ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wazoefu hukosea. Mfupa wake hauvunjiki vipande, hufunguka kama mlango na kujifunga, ukibana msuli katikati. Nje hakuna uvimbe, jicho ni jeupe. Anachofanya ni kutapika, kuwa mnyonge, na moyo kupiga polepole kila anapojaribu kuangalia juu. Anaandikiwa “jeraha la kichwa”, anapigwa CT ya ubongo, inarudi safi, anapelekwa nyumbani, na msuli unakufa. Mtoto yeyote anayetapika baada ya kupigwa usoni aambiwe aangalie juu. Jicho likikwama, aombewe CT ya tundu la jicho, vipande vyembamba vya milimita 1 hadi 2, vikiwemo vya wima vinavyokata uso kutoka sikio hadi sikio, na upasuaji uwe ndani ya saa 24 hadi 48.

Kioo, lenzi na nyuma

Mkwaruzo wa kioo cha jicho unajulikana kwa rangi ya fluresini na taa ya buluu, na hautupi shida, ila usimpe mgonjwa chupa ya ganzi aende nayo nyumbani. Inazuia kupona na inayeyusha kioo. Lenzi iliyolegea hujulikana kwa airisi inayotetemeka jicho likisogea ghafla.

Retina ndiyo inayohitaji subira. Itanuliwe mboni na ikaguliwe hadi ukingoni, si katikati tu. Sehemu iliyovilia hubadilika kuwa ya kijivu-cheupe kwa siku kadhaa, na mara nyingi hurudi. Mpasuko wa tabaka la chini yake huonekana kama mwezi mwandamo unaozunguka kichwa cha mshipa. Siku za mwanzo damu hulificha, na miezi baadaye mishipa mipya ya damu inaweza kuota hapo. Retina iliyong'oka ukingoni, mara nyingi chini upande wa sikio au juu upande wa pua, huweza kukaa miezi kabla haijabanduka, hasa kwa vijana ambao ute wao bado ni mzito na unaishikilia. Kama damu imeziba na nyuma hapaonekani, ultrasaundi itumike, baada ya kuhakikisha jicho halijapasuka.

Kwa hiyo uchunguzi mmoja hautoshi. Mwenye damu aonwe kila siku kwa siku 5 za kwanza. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 ndipo kioo maalumu kinawekwa juu ya jicho kutazama pembe, yaani pale mzizi wa airisi unapokutana na ukuta wa jicho, na retina inakaguliwa kwa kubonyeza sklera kwa nje. Kufanya hivyo mapema kunaamsha damu. Pembe ikionekana imerudi nyuma kwa zaidi ya nusu duara, mtu huyo apimwe presha ya jicho kila mwaka maisha yote, kwa sababu glakoma ya aina hii inaweza kuja baada ya miaka 10 au 20, wakati hata yeye ameshausahau mpira ule. Hapo kati aambiwe, kwa maneno ya kueleweka, mambo matatu ya kumrudisha siku hiyo hiyo: vimulimuli kama radi, nzi weusi wengi wapya, au kivuli kinachopanda kama pazia.

Ndugu watauliza kama ataona tena. Kuna hesabu inayokubalika. Anza na uwezo wa kuona wa siku ya kwanza: haoni hata mwanga 60, mwanga au mkono unaotikisika 70, kuanzia hapo hadi karibu na 6/60 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukiona kwa mita 60) ni 80, kuanzia 6/60 hadi 6/15 ni 90, 6/12 au zaidi 100. Toa 23 kwa jicho lililopasuka, 17 kwa maambukizi ya ndani, 14 kwa jeraha lililotoboa mbele hadi nyuma, 11 kwa retina iliyobanduka, 10 kwa RAPD. Anayeona mkono tu, jicho limepasuka, RAPD ipo: 70 toa 33, anabaki na 37. Chini ya 45 ni daraja la mwisho, na karibu robo tatu ya macho hayo huishia bila kuona mwanga. Jumla ya 92 au zaidi, wengi sana hurudi kuona vizuri. Angalia jinsi namba mbili kati ya hizo zinavyotoka kwenye chati na tochi.

Barua ya rufaa, iwe inakwenda hospitali ya KCMC au CCBRT (Tanzania), Kikuyu (Kenya) au kwingine, haihitaji ukurasa mzima. Saa ya kipigo na kilichopiga. Uwezo wa kuona wa kila jicho na saa ya kupima. RAPD ipo au haipo, na umeitafuta kwa jicho lipi. Presha, au sababu ya kutoipima. Damu milimita ngapi. Selimundu. Upasuaji wa zamani wa jicho. Dawa alizopewa, matone yakiwemo. Pepopunda. Saa aliyokula mara ya mwisho.